Mama Asiyekaa

Usa River
3 Julai 1994

Mwanangu Aikande,

Marahaba kwa shikamoo yako, imefika pamoja na vumbi la Newala ndani ya bahasha. Huku tu wazima. Baba yako anakohoa kidogo kwa baridi hii ya Julai, mlima hatujauona wiki nzima kwa mawingu, lakini kahawa anachuma. Kaka yako Melkizedeki amepata udereva kwenye kampuni ya watalii, sasa anavaa miwani ya jua hata akiwa ndani anakula.

Mimi ndiyo usiulize. Tangu waruhusu mitumba, meza yangu pale sokoni Arusha haina mfano. Belo nafungua mwenyewe, sweta za watoto ziko kama zimetoka dukani leo. Wake za wakubwa wanatoka Njiro na magari, wanashuka wanauliza, "Mama Asiyekaa yuko wapi?" Ndilo jina langu sokoni. Wenzangu wana viti, wana vigoda, mwingine anasinzia mpaka mteja anamwamsha. Mimi kuanzia asubuhi hadi tunafunga nimesimama wima. Hata barua hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya rundo la masweta.

Sasa tuje kwenye lako. Kwamba una mimba ya miezi minne nimelia kwa furaha, halafu nikatangaza sokoni kote. Nimekuletea kwa dereva wa lori, rafiki wa Melkizedeki anayepeleka mzigo kusini, mfuko wa unga wa sembe mweupe pee. Sitaki kusikia mwanangu mwalimu anakula dona. Dona tulikula sisi enzi za kupanga foleni. Nimeweka pia kopo la Kimbo. Usidhani ni mafuta. Ni udongo wa kwetu, wa kingo za mfereji nyuma ya migomba, nimeuchimba mwenyewe na kuukausha juu ya dari la jikoni. Mimba yako wewe niliilea kwa udongo ule ule. Utafune kila hamu ikikujia, usijinyime.

Na wala usiogope. Mimi nimezaa watano na hakuna hata mmoja aliyenisumbua. Nilikuwa kama napiga chafya.

Msalimie mkwe wangu Ludovick. Mwambie hata kama kwao ni Wakatoliki, mtoto ni wa wote.

Ni mimi mama yako.


Newala
9 Agosti 1994

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa Baba, na pole yake na kifua. Mzigo umefika salama, unga haukumwagika hata kidogo. Ludovick anakushukuru, anasema hajawahi kuona mkwe wa namna hii.

Shule inaendelea. Nina darasa la watoto tisini na wawili. Shida ya hapa ni maji, Mama. Ninyi mnalala mkisikia mfereji unapita nyuma ya nyumba. Huku watu wanashuka bondeni na ndoo alfajiri, wanarudi jua limeshapanda. Tunanunua kwa wenye baiskeli. Ya kunywa napima kwa kikombe, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Tena nikiwa shuleni ni afadhali nisinywe, choo cha walimu ni kimoja.

Udongo ni mtamu mno. Kila kipindi kikiisha natafuna kipande. Kopo limefika chini. Kama dereva anarudi, niongezee.

Mwalimu mkuu ananisifu kwa sababu siku hizi nasahihisha madaftari nikiwa nimesimama. Anasema mimi ni mchapakazi. Nikamwambia nimerithi kwa mama yangu, ambaye sokoni hakai.

Mama, nina swali, usicheke. Ulipokuwa na mimba yangu, ulipata shida yoyote ya choo? Au ya kukaa?

Mwanao,
Aikande


Usa River
30 Agosti 1994

Mwanangu Aikande,

Barua yako imefika, na mimi nikaisomea meza nzima, isipokuwa ule mwisho. Waliposikia habari ya mwalimu mkuu walipiga makofi. Mwenye meza ya viatu akasema, "Kumbe huko kusimama ni ukoo!" Nikamwambia ndiyo, sisi si watu wa kulegea.

Baba yako kifua kimepoa. Tumepaka nyumba rangi ya kijani, sebuleni kuna redio kaseti kubwa aliyoleta Melkizedeki. Kuna na seti mpya ya viti vya sofa, vya mto mzito, majirani wanakuja kuvikalia tu waondoke.

Hilo ulilouliza, watu hupata shida ya choo kwa kula ovyo. Wewe unakula sembe safi, utapata shida gani? Nimekuongezea makopo mawili ya udongo. Safari hii nimechimba chini zaidi, pale penye weupe, ni laini kama unga wa ngano.

Kliniki unaenda? Vidonge vya kuongeza damu wamekupa? Meza vyote.

Ni mimi mama yako.


Newala
4 Oktoba 1994

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Sitazunguka sana kwenye habari leo. Hatujambo, Ludovick hajambo, mtoto anacheza.

Mama, hukujibu swali langu. Nitakuambia mimi, na barua hii usiisomee meza. Isomee chumbani.

Sipati choo siku nne, siku tano. Nikipata, kinakuwa kigumu kama jiwe, najikamua mpaka naona nyota. Kuna kinyama kimetokeza mahali pa kukalia. Kinauma, kinawasha, siwezi kukaa kwenye kiti cha mbao dakika kumi. Ndiyo maana nasahihisha madaftari nimesimama. Mchapakazi wa nini, Mama. Jumapili kanisani nimejifanya naimba kwa hisia ili nisikae.

Alhamisi iliyopita niliona damu. Damu nyekundu, mbichi. Nilipiga magoti pale chooni nikajua mtoto anatoka. Nikabaki nikisubiri maumivu ya tumbo hadi mchana, hayakuja. Sasa kila nikienda naona tena, na sijui inatoka wapi, kwa mtoto au kwa kile kinyama. Siwezi kuangalia mwenyewe.

Ludovick sijamwambia. Ataniona vipi? Kliniki nako siwezi. Nesi wa pale ni mke wa mwalimu mkuu. Nikimwonyesha leo, kesho ofisi nzima ya walimu inajua sehemu zangu za siri zilivyo.

Wewe umezaa watano. Hakuna mwingine ninayeweza kumuuliza. Nakuomba unijibu ukweli, hii ni kitu gani na inaisha vipi?

Mwanao,
Aikande


Usa River
24 Oktoba 1994

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma chumbani kama ulivyosema. Halafu nikaisoma tena jikoni. Nimeunguza maharage, na mimi tangu niolewe sijawahi kuunguza maharage.

Usilie. Hiyo ni bawasiri. Nimeisikia. Iko kwa watu.

Siku ile ile sikwenda sokoni. Nilipanda gari mpaka Oldonyo Sambu, upande ule wa nyuma ya mlima kusiko na mvua, kwa bibi mmoja aitwaye Nkasiogi. Watu wanamjia kutoka mbali. Anachemsha mizizi ya kuendesha tumbo, anasema hakuna kinachobaki ndani, mtu anakuwa mwepesi kama karatasi. Nikamwambia ni kwa ajili ya binti yangu msomi, achemshe ya nguvu. Ameiweka kwenye chupa kubwa ya juisi. Dereva ameondoka nayo juzi. Utakunywa nusu glasi asubuhi na nusu glasi jioni mpaka iishe. Ni chungu, ziba pua. Ludovick usimwambie. Wanaume hawajui kutunza habari za wanawake.

Udongo endelea, unatuliza roho.

Nami nakuombea. Hapa nilipo siwezi hata kupanga nguo, napanga, napangua.

Mama yako.


SIMU YA MAANDISHI
ARUSHA 31 OKTOBA 1994
AIKANDE NEWALA
DAWA YA CHUPA USINYWE. MWAGA YOTE. UDONGO ACHA. BARUA INAKUJA. MAMA


Usa River
31 Oktoba 1994

Aikande, Aikande mwanangu,

Kabla ya salamu, umepata simu yangu? Kama hukuipata na barua hii ndiyo unaiona kwanza, weka karatasi chini sasa hivi, nenda ukamwage ile chupa. Kisha rudi usome.

Leo asubuhi mteja wangu mmoja alikuja kutafuta sweta za mtoto wa dada yake. Anaitwa Namelok, ni nesi wa wazazi. Nikaona nimuulize kwa mbali, nikasema, "Nesi, kuna jirani yangu ana binti mjamzito, ana bawasiri, wamempelekea dawa ya kuendesha." Aliweka sweta chini.

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Minane kasoro."

"Mama, huyo jirani yako anataka mjukuu au anataka msiba?"

Nilishika meza. Akaniambia dawa ya kuendesha namna hiyo kwa mwenye mimba kubwa inaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati, na kumkausha maji mwilini. Nikasema, "Basi atakula tu udongo wake atulie." Akauliza udongo gani. Nami, mjinga, nikamsifia. Nikamweleza nilivyouchimba, nilivyoukausha, kwamba ni makopo matatu, hadi sembe, vidonge vya damu na maji unayopima kwa kikombe. Akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Makopo matatu! Na sembe? Na maji anakunywa vikombe viwili? Na vidonge vya damu juu yake? Mama, hapo tumbo litafunguka kwa ufunguo gani?"

Akasema udongo unafunga tumbo kama vile unavyoziba ufa wa ukuta. Tena unazuia hata vile vidonge visifanye kazi, kwa hiyo damu mwilini inapungua. Sembe nayo imetolewa kila kitu cha kulainisha. Vidonge vyenyewe vinaweza kukaza choo, lakini usiviache bila kuwauliza kliniki. Mtoto akikua anakandamiza mishipa huko chini, inavimba, wajawazito wengi wanapata, si laana wala uchafu.

Nilikuwa nimesimama pale, Aikande, na makopo yangu yote yananitazama.

Alivyoniagiza ni hivi. Kula dona, maharage, mboga za majani, papai, machungwa. Maji unywe, hata kama ni kuuza kitenge uyapate. Choo kikija usikizuie kwa ajili ya kengele ya shule, na usijikamue. Ukitoka, jisafishe kwa maji, usisugue. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni safi, yasiwe ya moto, ukalie robo saa, mara mbili tatu kwa siku. Ukilala, lala kwa ubavu wa kushoto. Usisimame siku nzima wala usikae siku nzima. Na damu, hiyo lazima waione kliniki. Alisema, "Asikisie damu. Mjamzito hakisii damu." Nesi ni mke wa mwalimu mkuu? Awe mke wa shetani, nenda.

Mimi ndiye niliyekuletea. Sembe mimi, udongo mimi, chupa mimi. Nijibu upesi, hata neno moja.

Mama.


Usa River
20 Novemba 1994

Mwanangu,

Leo ni siku ya ishirini. Posta wananijua, yule wa dirishani akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika. Dereva hajarudi, wanasema Rufiji imejaa na malori yamelala kivukoni. Kwa hiyo sijui chupa imefika au haikufika. Usiku silali, nahesabu, kama alifika tarehe fulani, na simu ilifika tarehe fulani. Baba yako ananiuliza nina nini, nasema biashara. Juzi nimemuuzia mtu sweta mbili ambazo mkono wa kushoto na wa kulia haifanani, hata sikuona.

Labda umenyamaza kwa sababu umenikasirikia. Una haki. Uliniuliza mara mbili na mara mbili nikakujibu kwa rangi ya nyumba.

Nitakuambia sasa, maana kama kuna lolote limetokea, sitaki liwe limetokea mimi nikiwa bado nakudanganya.

Nilipokuwa na mimba yako, mwaka wa sitini na tisa, nilikula udongo wa mfereji kila siku, na mwezi wa saba kikatoka hicho hicho kinyama. Nikatoka damu. Nilidhani unatoka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mama mkwe wangu ananitazama kila hatua, nikafunga mdomo. Kanisani nilikaa upande mmoja, wakasema bibi harusi wa Philemoni ana maringo. Ulipozaliwa kikarudi ndani nikashukuru. Kwa wa pili kikaja, kwa wa tatu kikaja na hakikuondoka. Hao watano wa kupiga chafya, Aikande, hakuna hata mmoja niliyemzaa hivyo.

Na meza. Unafikiri nasimama kwa sababu ya bidii? Siwezi kukaa. Ile sofa mpya ya watu kuja kukalia, mimi sijaikalia hata siku moja. Nilisimama siku ya kwanza kwa maumivu, mteja mmoja akanisifu, na mimi nikaona sifa ni nzuri kuliko aibu, nikaishika. Baba yako hajui. Miaka ishirini na mitano.

Uliponiuliza, kama ningejibu ukweli, ungeacha udongo mwezi wa nane. Basi.

Andika hata kwa matusi.

Mama yako.


Newala
8 Desemba 1994

Mpendwa Mama,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Tu wazima. Mtoto mzima, ananipiga mateke hapa ninapoandika. Anza kupumua.

Simu yako ilifika kabla ya chupa. Lakini haikufika kwangu, Mama. Ilifika posta, karani akaisoma, akamsomea tarishi, tarishi akamkuta Ludovick kwenye duka la baiskeli akamwambia mbele ya watu, "Bwana, mkeo Mwalimu asinywe dawa ya chupa!" Jioni Newala nzima inajua kuna mtu anataka kunipa sumu. Wazazi wawili wa wanafunzi walikuja na kuku kunipa pole.

Ludovick akafunga mlango. "Dawa gani?" Nikasema hamna. "Udongo gani?" Nikasema hamna. Akavuta kopo la Kimbo chini ya kitanda, akalifungua, akalitazama sana. Ndipo nikamwambia yote huku nimefunika uso na khanga. Nilidhani atatoka nje. Akasema, "Kwa hiyo miezi miwili hii nilipokuwa nakukaribisha kiti, nilikuwa nakutesa?" Kesho yake saa kumi alfajiri akachukua baiskeli na madumu mawili. Tangu siku hiyo anateka maji mwenyewe bondeni. Wanaume wenzake wanamcheka, anasema anafanya mazoezi.

Akanipeleka kliniki akiwa amenishika mkono. Mke wa mwalimu mkuu alinipima. Alipomaliza akavua glovu, akasema, "Mimi nilipata kwa watoto wote watatu. Ungekuja mapema tungeongea." Damu ilikuwa ya bawasiri, si ya mtoto. Ila damu yangu mwilini ilikuwa imepungua vibaya, wakanilaza siku tisa. Ndiyo sababu ya kimya. Ludovick alikuandikia, naona barua imelala Rufiji pamoja na dereva wako.

Chupa ilifika tarehe kumi na nne. Ludovick aliimwaga nyuma ya choo, na majani ya pale yamekauka.

Beseni linanisaidia sana. Choo kimelainika. Kinyama bado kipo lakini kimenywea, juzi nimekaa kipindi kizima cha hesabu. Udongo bado naota harufu yake, sikudanganyi. Nikishikwa na hamu natafuna karoti.

Barua yako ya tarehe ishirini ilifika jana. Nimeisoma mara nne. Sina hasira, Mama. Nimekumbuka tu. Nikiwa mdogo nilikuwa najisifu shuleni, nasema mama za wengine hukaa, mama yangu hakai. Na wewe ulikuwa unanisikia.

Sasa ni zamu yangu kuagiza. Nenda kwa Namelok. Usiseme ni jirani.

Mwanao,
Aikande


SIMU YA MAANDISHI
NEWALA 27 DESEMBA 1994
MAMA AIKANDE USA RIVER
MTOTO WA KIKE. WOTE SALAMA. UMEENDA? AIKANDE


Usa River
12 Februari 1995

Mwanangu Aikande, mama wa mtu,

Marahaba, na mwingine huyo mdogo naye marahaba yake, ingawa bado hajui kuniamkia. Baba yako amepona kifua kabisa. Melkizedeki amegonga gari la watalii kwenye mti, miwani tu ndiyo iliyovunjika.

Mjukuu amefika hadi Njiro kwa sifa. Najua wa kwanza wa kike huchukua jina la mama wa Ludovick, sina ugomvi, ila la pili mumwite Princess, ni jina linalokwenda na wakati. Kilo tatu na nusu! Sokoni nimesema nne.

Hilo uliloniuliza kwa simu. Mwanamke gani anauliza mambo hayo kwa simu, posta wote walinitazama. Nilikwenda. Nilifika kwa Namelok nikasema, "Nesi, yule jirani..." akanitazama tu, nikasema, "Ni mimi." Alinishika mkono hadi kwa daktari. Walinilaza mwezi wa kwanza, wakakitoa hicho kinyama. Kabla ya kulazwa ilinibidi nimwambie baba yako. Tulikuwa tunamenya ndizi. Aliacha kisu, akasema, "Na mimi nilikununulia sofa." Akaenda nje kukoroga mbolea ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Jana nimerudi kwenye meza yangu. Leo asubuhi nimeona watu wanacheka kule langoni. Ni baba yako, kashuka kwenye basi la Moshi, kiti kimoja cha sofa kakibeba kichwani. Amekiweka nyuma ya masweta, akakifuta vumbi kwa kofia yake, akasema, "Haya." Mwenye viatu akapiga kelele, "Mama Asiyekaa, jina hilo tutampa nani?" Nikamwambia achukue yeye.

Nimeacha wateja wawili wanasubiri, wasubiri tu. Utanisamehe mwandiko, sijazoea karatasi kuwa magotini. Barua hii, Aikande, naiandika nimekaa.

Mama yako.